Dada wa Langoni auliza: akiba ya dharura niiweke ngapi na wapi, na mapato yangu yafuata msimu?

Dada mmoja wa Langoni, hapa Lamu, ameniandikia, nafupisha barua yake. Asubuhi apika mahamri na mbaazi kuuza, mumewe ana mashua ya kutembeza watalii na wakikosekana huingia baharini kuvua, wana watoto watatu. Asema kila akishika elfu mbili tatu jambo lazuka na pesa zaenda, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likipungua, hajaimaliza karibu mwaka mzima, na amesoma mahali kwamba kila mtu awe na akiba ya matumizi ya miezi mitatu mpaka sita, akacheka kwa uchungu akaona hayo si ya watu kama yeye. Auliza aweke ngapi, aweke wapi, jamaa wakimuomba afanyeje, na je auze bangili zake za dhahabu ndo aanzie hapo.

Dadangu, kwanza asante kwa kuandika na hesabu kamili maana wengi huniandikia "pesa hazikai" basi, hapo sina la kushika. Wewe umeniorodheshea yote yaliyokupata mwaka uliopita na hiyo orodha ndo itatupa jibu.

Na usijione mzembe. Marekani kule benki kuu yao, Federal Reserve, kila mwaka huuliza watu kama dharura ya dola 400 wangeilipa kwa pesa taslimu au kitu kama hicho bila kuhangaika, na mwaka 2023 walioweza walikuwa asilimia 63, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu hakuweza. Sasa wewe ambaye mwezi wa 1 mumeo kuna siku atoka mara mbili na mwezi wa 6 mashua imekaa pwani yangoja upepo upungue, utalinganishwaje na karani wa ofisini? Hiyo habari ya miezi mitatu mpaka sita imepimwa kwa mtu anayeogopa kufukuzwa kazi. Wewe hufukuzwi kazi, lako ni kwamba mapato hupanda na kushuka kila mwaka na yajulikana yatashuka lini, kisha juu ya hapo ndo huja ugonjwa na msiba. Kwa hivo hilo lengo kubwa liweke kando kabisa kwa sasa, usilifikirie.

Turudi kwa orodha yako. Umeandika: mtoto wa pili homa ya mapafu mpaka mkapelekwa Malindi, msiba wa Faza, kioo cha simu, ada na sare za Januari, nguo za Idi, mtungi wa gesi, injini ya mashua. Yote umeyaita dharura. Mimi naona dharura hapo ni mbili, tatu ukinibana sana.

Ada ya Januari si dharura dada, Januari yaja kila mwaka. Idi pia, tarehe yasogea kwa mwezi lakini yaja. Mtungi wa gesi wajua wakaa wiki ngapi nyumbani kwako kuliko mtu yeyote. Hivi ni vitu vya kuwekewa pesa zake mbali, kidogo kidogo, kila kimoja na bahasha yake, hata kama bahasha ni karatasi ya gazeti umeikunja ukaiandika "Januari". Nasisitiza hili kwa sababu ndipo akiba za watu wengi hupotelea, mtu amejinyima miezi minne amekusanya elfu sita, Januari yafika, zaenda shuleni zote, halafu mwezi wa 2 mtoto aumwa na hakuna kitu na mtu asema "mimi kuweka akiba siwezi". Waweza, ni vile umeweka ya shule ukaiita ya dharura.

Hapo hapo niseme la SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, ni SHA, na sisi tusio na mshahara tunalipa ya mwaka mzima, cha chini kabisa kikiwa 300 kwa mwezi yaani 3,600. Hii pia ni pesa inayojulikana, ipewe bahasha yake. Kama hamjajiandikisha ni *147# kwa simu yako. Nalitaja kwa sababu bila hilo, mtoto akilazwa, hakuna akiba ndogo itakayotosha. Lakini pia usidhani ukiwa na SHA umemaliza, nauli na chakula cha anayeuguza na dawa ukiambiwa ukanunue duka la nje bado ni mfukoni mwako.

Na injini ya mashua? Elfu 14 hizo ni za kazi, si za nyumba. Mashua inayoingiza pesa ijitengeneze yenyewe, mumeo atoe kitu kila safari kiwe cha injini tu na kisichanganywe na chako. Mkivichanganya injini itameza kila kitu, manake injini kila siku ina neno.

Sasa ngapi. Tuangalie ile safari ya Malindi kwa sababu ndo kubwa kuliko zote na umeiandika vizuri: boti ya kukodi mpaka Mokowe 1,500, gari watu wawili wakubwa na mtoto kapakatwa 2,000, dawa za nje 1,100, chakula siku mlizokaa 800, kurudi yote na boti ya abiria 2,400. Jumla 7,800. Nimependa umeandika ya kurudi, watu wengi wakipiga hesabu ya hospitali huhesabu kwenda tu, wakifika kule waanza kupigia jamaa simu watumiwe nauli. Na angalia ile 1,500 ya kwanza. Ile mchana ingekuwa nauli ya abiria pesa kidogo tu, lakini mlitoka alfajiri kabla boti za abiria hazijaanza kwa hivo mlilipia boti nzima, na umesema nahodha alitaka pesa mkononi anunue petroli kwanza, simu yako ina salio la M-Pesa sifuri na Fuliza imefika mwisho, ikabidi mumgongee jirani mlango saa kumi za usiku. Ile nusu saa ya kugonga milango ndo haswa tunataka isirudi tena.

Kwa hivo lengo lako la kwanza ni 2,000 taslimu ndani ya nyumba. Hiyo tu. Elfu mbili za noti ndogo ndogo ambazo hazingoji mtandao, umeme wala ajenti afungue duka. Lengo la pili ni 8,000, yaani safari moja ya Malindi kwenda na kurudi bila kumkopa mtu. La tatu ni 15,000, hapo itakuwa hata msiba ukiangukia mwezi mmoja na ugonjwa hamjazama. Hizi namba nimezitoa kwako, mtu wa Mpeketoni au wa Shela atatoa zake kwa orodha yake, asichukue zako.

Lakini kabla ya 8,000, Fuliza. Hapa nitakaa kidogo.

Fuliza ilianza Januari 2019 na mimi sisemi ni mbaya, kukwama dukani mia mbili zimepungua ikakuokoa si dhambi. Ubaya ni kuishi ndani yake. Wakukata asilimia 1 ukichukua, kisha kuna ada ya kila siku kulingana na deni lako. Walipopunguza Oktoba 2022, deni lililozidi 2,500 likawa ada yake ni shilingi 25 kwa siku. Wewe wasema yako hukaa karibu 3,000. Siku 20 kwa 25 ni 500, weka na 30 ya mwanzo, 530, na deni la 3,000 bado liko pale pale. Kisha jambo la pili ambalo naona watu hawalipimi: pesa yoyote ikiingia kwa laini ile yakatwa kwanza. Mteja akutumia 300 ya mahamri, imekwenda. Ndugu akutumia 1,000 ya dawa, imekwenda, na dawa hujanunua. Kuweka akiba kwa laini yenye Fuliza ni kufua maji mashua ambayo tobo lake hujaliziba.

Kwa hivo fanya hivi. Ukishapata zile 2,000 za nyumbani, simamisha akiba, kila kinachobaki chote chaenda kwa Fuliza mpaka iishe. Wengine watakwambia lipa deni kwanza ndo uweke hata shilingi, mimi sikubaliani nao, manake ukiwa huna kitu kabisa nyumbani, siku mtoto akipata homa utarudi kule kule Fuliza na kazi yote ya wiki tatu imepotea. Elfu mbili kwanza, deni pili, halafu akiba yenyewe. Na Fuliza ikiisha ingia kwa simu ujitoe kabisa au uombe kiwango kishushwe sana, usijiachie mlango wazi.

Sasa msimu, hili ndo la maana kuliko yote kwa nyumba yenu na sioni likisemwa na hawa wa Nairobi. Nyinyi hamuwezi kuweka pesa sawa sawa kila mwezi. Kusi, ule upepo wa kusini, ikikaza kati ya mwezi wa 5 na wa 8, bahari yachafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, tena mwezi wa 5 kuna mvua ya mwaka na watalii hakuna, mahamri yenyewe yauzika nusu kwa sababu wateja wako nao ni watu wa bahari. Ukijipangia elfu moja kila mwezi, mwezi wa 6 utashindwa, utavunjika moyo, mwezi wa 7 utaacha. Nimeona vikundi vingi vya kina mama vyafa kati ya mwezi wa 6 na wa 7 kwa ajili hii tu, watu wamewekewa kiwango kimoja cha mwaka mzima.

Barua yako imenifikia kusi yaanza kupoa, matlai, upepo wa kati ya misimu, yaja na kaskazi nyuma yake, yaani umeuliza wakati mzuri. Kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi ni kama wiki 21. Mahamri: ukishahesabu mauzo ya asubuhi, toa kwanza mtaji wa kesho, unga, mafuta, nazi, sukari, iliki, halafu kabla hujatuma mtoto dukani toa 50. Siku sita kwa wiki ni 300, wiki 21 ni 6,300. Mumeo: kila safari ya Manda Toto au Takwa akirudi atoe 300, si akikumbuka, akiteremka tu. Umesema msimu mzuri hapungukiwi na safari 30, hizo ni 9,000. Jumla 15,300, ukitoa ya kumaliza Fuliza lengo la pili mmelipita na la tatu mwalikaribia kabla mvua ya mwaka haijaanza. Najua haitakwenda hivo shwari, kuna wiki mtalia, lakini hata mkipungukiwa kidogo mwaweza kufika ile 7,800 bila deni hata la senti.

Kisha kusi ikirudi usiweke 50, weka 20, na siku hakuna usiweke. Kazi ya kusi si kuongeza, ni kutogusa. Na Agosti wale watalii wa likizo wakija mwarudi kidogo kwa zile 300.

Wapi pa kuziweka. Zile 2,000 za nyumbani nimeshasema, ziwe mahali wawili wenu mwapajua, na si chini ya godoro manake mwizi huanzia hapo, na kama mwalala nyumba ya makuti usizidishe hapo hata siku moja kwa ajili ya moto. Zinazobaki, chukua laini ya pili isajiliwe kwa kitambulisho chako, Fuliza usiiwashe kabisa huko, namba usimpe mteja wala kikundi, kadi yake itoe kwa simu uiweke pamoja na vyeti vya watoto. Kuweka pesa kwa ajenti ni bure, kwa hivo peleka kila wiki mara moja. Kutoa ndo kwagharimu, na ada ya kutoa 200 ni ile ile ya kutoa 2,500, kwa hivo siku ya kutoa toa mara moja inayotosha, usitoe vipande vipande. Mara moja moja iwashe upige simu, laini ikilala muda mrefu sana hufungwa.

Ukifika 8,000 waweza kuifunga sehemu kwa M-Shwari, akaunti ya akiba ya ndani ya M-Pesa, ile ya kufunga pesa mwezi mmoja mpaka sita, ukitaka kuivunja kabla ya wakati wangoja siku mbili. Hizo siku mbili nazipenda, hamu ya kununua kitu huwa imeshapoa. Lakini usifunge zote, ugonjwa haungoji siku mbili. Na najua wengi wetu hapa hatutaki faida ya riba, ni haki yako kabisa, Kenya kuna benki zinazofuata sharia tangu 2008, waendee uwaulize akaunti ya amana isiyo na riba na makato yake ya mwezi ni ngapi, waulize makato haswa, akiba ndogo hulika kwa makato. Au iache kwa laini ile ya pili basi, salio la kawaida la M-Pesa halikuongezei kitu. Akiba ya dharura si ya kuzaa, ni ya kuwepo.

Sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, usiweke hii. Sacco ni nzuri kwa mkopo wa injini mpya au kiwanja, lakini amana zako kule ndo dhamana yako, hazitoki ukizitaka leo. Mchezo wenu wa kina mama endelea nao, wala usiuvunje, ila jua zamu yako ni mwezi wa 3 na mtoto anaweza kuumwa wa 1. Waambie wenzako kila mkikutana kila mtu atoe 20 kando iwe mfuko wa shida, mwenye ugonjwa au msiba apewe au akopeshwe bila nyongeza. Kuna vikundi vya akiba vya mtindo huu vilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, pesa zakaa kwa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, hata mweka hazina hawezi kulifungua peke yake. Huo utaratibu wa kufuli nawaomba muuige, utawaepusha na maneno.

Jamaa kuomba. Hili umeliandika kwa aibu kama vile kukataa ni ubaya, na mimi siwezi kukwambia uwe na moyo wa jiwe, tunaishi kwa kusaidiana na wewe pia watu wa Faza walikusitiri. Nachokwambia ni tenga ya kutoa. Hata 200 kwa mwezi, hiyo ni ya sadaka na ya shida za watu, mtu akija mpe kutoka pale kwa moyo mweupe na umwambie ndo uwezo wangu wa mwezi huu, usimkopeshe elfu mbili ambazo wajua hazirudi. Ikiisha imeisha mpaka mwezi ujao. Ya mtoto isiguswe.

Msiba wa Faza ni mwingine, kwenda lazima. Mlitumia 2,400 na nusu yake ni kwa sababu mlikosa boti ya abiria, maji yalikuwa yamekupwa na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, hapapitiki, mkakodi nyingine maji yalipojaa. Hiyo ni dharura halali, toa kwa akiba bila kujilaumu. Ndo kazi yake.

Mumeo ajue. Pesa za mahamri ni zako na kwa sheria ya dini hakuna anayekulazimisha, lakini akiba hii ni ya nyumba na yeye anaitia 300 zake, ajue ipo, ni ngapi na mahali laini ilipo. Pini mtakavyokubaliana. Mkubaliane pia sasa hivi, mkiwa mmekaa vizuri, ni mambo gani yanagusa mfuko huu, muandike nyuma ya daftari lako la mahamri: ugonjwa, msiba wa karibu, nyumba kuvuja au mlango kuvunjika. Simu? Mimi kioo cha simu ningekiacha nje, ila yako ndo wapokelea oda, kwa hivo hiyo mtaamua wenyewe. Na kila mkitoa muandike tarehe na kiasi, kisha wiki inayofuata zile 50 zaanza kurudisha pale hata kama ni kusi.

Bangili. Usiuze. Ukiuza leo hupati bei uliyonunulia, ile kazi ya sonara hailipwi tena, wapimiwa dhahabu tu. Na lengo lako la kwanza ni elfu mbili, huhitaji dhahabu kwa elfu mbili, wahitaji wiki saba za mahamri. Zikae kama ngome ya mwisho kwa jambo kubwa kweli, la kulazwa Mombasa mwezi mzima, Mungu apishie mbali. Ila wakati wa shwari nenda kwa sonara unayemuamini azipime, ujue uzito wake na uandike, ili ukija kulazimika usiuze kwa haraka kwa bei ya mtu mwingine.

Anza kesho na 50 ya kwanza. Fuliza ikiisha niandikie tena, tupige hesabu ya bahasha ya Januari.